Tai Hasafiri Usiku

Leo naanza na deni la simu.

Mwaka 2019 watafiti wa Urusi waliokuwa wakifuatilia nyendo za tai wa nyika walijikuta wanadaiwa fedha ambazo hawakuzipangia. Tai hao walikuwa wamefungwa vifaa vidogo vyenye laini ya simu ndani yake, na kila kifaa kilituma meseji kueleza tai yuko wapi. Mmoja wao, jina lake Min, alikaa kiangazi kizima Kazakhstan mahali pasiposhika mtandao, meseji zake zikawa zinarundikana tu. Watafiti walitegemea kwamba akianza safari atapita karibu na minara ya simu ya Kazakhstan, ambako meseji moja iligharimu rubli 15. Min hakupita huko. Aliibukia Iran, kifaa kikashika mtandao, kikamwaga meseji zote kwa mpigo, rubli 49 kila moja. Bajeti ikakauka. Ikabidi wananchi waombwe kumchangia tai salio, na kweli wakachanga, kisha kampuni ya simu nayo ikajitolea kufuta deni. Wewe uliyewahi kuvuka mpaka wa Namanga au Tunduma ukasahau kuzima data, nadhani unawaelewa watafiti wale kuliko mtu yeyote.

Tumecheka, lakini vifaa vya namna hiyo, na vile vya setilaiti vilivyotangulia miaka ya 1990, vimetuonyesha jambo ambalo ndilo mazungumzo yetu ya leo. Ukichukua taarifa za safari ya tai wa nyika ukazipanga kwenye ramani, mchana nukta zinaachana, moja huku, nyingine mbali kule. Jioni zinasongamana mahali pamoja, na hapo hapo zinabaki mpaka kunakucha na jua limepanda. Kesho yake vivyo hivyo. Tai huyu anazaliwa katika nyika za Urusi, Kazakhstan na Mongolia, na baridi ikianza kuuma anashuka kupitia Arabuni. Wengi wanaingia Afrika Mashariki, na wengine wanaendelea hadi kusini mwa bara. Ni safari ya maelfu ya kilomita, na karibu yote anaifanya mchana.

Kwa nini? Usiku kuna baridi, hakuna jua la kumchoma mtu mgongoni, anga imetulia. Ungefikiri ndio wakati wa kusafiri.

Jibu la haraka ni kwamba tai ni ndege wa mchana, macho yake ni ya mchana. Ni kweli, ila jibu hilo mimi haliniridhishi. Ndege wadogo wala wadudu wanaotoka Ulaya na Asia nao ni wa mchana. Mchana ndipo wanapotafuta chakula. Lakini safari zao ndefu wengi wao wanazifanya usiku, tena gizani kabisa, wakiongozwa na nyota na usumaku wa dunia. Ushahidi hauko mbali. Katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, kwenye vilima vya Ngulia, kuna hoteli ya watalii yenye taa kali za kumulika wanyama wanaokuja kunywa maji usiku. Novemba na Desemba, ukungu ukitanda na mbalamwezi haipo, ndege wadogo waliokuwa wakipita juu wanapotea njia, wanavutwa na mwanga, wanashuka kwa maelfu. Tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa hapo kwa nyavu laini, wanawavisha pete mguuni, wanawaachia waendelee na safari. Pete hizo zimepatikana Arabuni na mpaka Urusi. Kwa hiyo juu ya vichwa vyetu, tukiwa tumelala, kuna msafara mkubwa kweli kweli. Tai wa nyika hayumo.

Ndege mdogo anachagua usiku kwa sababu anapaa kwa nguvu za misuli yake mwenyewe. Anapigapiga mabawa kutoka anapoanzia mpaka anapotua, na misuli inayofanya kazi hiyo inatoa joto jingi. Hewa ya usiku inampoza, hapotezi maji mengi. Halafu hewa ya usiku imelala, haimrushirushi. Na mchana unabaki kuwa wake wa kula, maana mafuta anayobeba ni kidogo na lazima yajazwe tena.

Sasa mpe tai kazi hiyohiyo. Tai wa nyika ana kilo mbili mpaka nne, na mabawa yakinyooshwa yanafika kama mita mbili toka ncha hadi ncha. Ndege anavyozidi kuwa mzito, kupiga mabawa kunazidi kumgharimu, na gharama inapanda upesi kuliko nguvu ya misuli inavyoongezeka. Shomoro anaruka kutoka chini bila kufikiri. Tumbusi aliyeshiba anakimbia, anarukaruka, anahangaika mpaka unamwonea huruma. Ndege mkubwa akiamua kutoka Kazakhstan mpaka Serengeti kwa kupiga mabawa tu, hafiki. Ataishiwa njiani.

Basi anatumia nguvu ambayo si yake. Jua likichomoza, ardhi inaanza kupata moto, lakini haipati moto sawasawa. Mwamba, shamba lililolimwa, uwanja wa vumbi, hizo zinawahi. Msitu na maji vinachelewa. Hewa iliyolala juu ya ardhi yenye moto inapata joto, inakuwa nyepesi kuliko ile ya pembeni yake, inaachana na ardhi na kupanda juu kama nguzo. Wakati mwingine inazungusha vumbi na majani makavu tukaiona. Mara nyingi haionekani. Tai anaijua. Anaingia ndani yake, anatandaza mabawa na mkia, anazunguka humo, na hewa inambeba mita moja, mbili, tatu au zaidi kila sekunde, mpaka kimo cha kilomita moja, mbili, hata tatu. Akifika juu anakunja mabawa kidogo na kuserereka kuelekea anakokwenda, akishuka polepole, mpaka akute nguzo nyingine apande tena. Mchezo ni huo kutwa nzima.

Ndege mdogo anapiga kasia, tai anatweka tanga. Nahodha wa jahazi hatii nanga kwa uvivu. Upepo ukifa hana la kufanya, na tai usiku yuko katika hali hiyo. Jua likizama ardhi inapoa, nguzo za hewa zinakatika moja baada ya nyingine, hewa baridi inalala chini. Kwa mwenye kasia, huo ndio wakati wa kuondoka, bahari shwari. Kwa mwenye tanga, safari imekwisha mpaka kesho saa tatu asubuhi, au saa nne kama kuna mawingu.

Hapa Afrika Mashariki tuna sehemu yetu katika kuijua habari hii, na naona haisemwi vya kutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwepo Chuo Kikuu cha Nairobi mwanasayansi Mwingereza, Colin Pennycuick, ambaye baadaye alihamia taasisi ya utafiti ya Serengeti. Bwana huyu hakuridhika kuwatazama ndege kwa darubini akiwa chini. Alikuwa na ndege ndogo ya mabawa marefu, aina ile inayoweza kuelea, yenye injini unayoiwasha kupaa na kuizima ukishafika juu. Aliwafuata tumbusi, korongo na wari humo humo ndani ya nguzo zao za hewa, akizunguka nao, akisoma saa zake za kimo na mwendo. Wakipanda naye anapanda. Wakiondoka naye anaondoka nyuma yao. Kwa vipimo vyake tumbusi wa mgongo mweupe, akishuka mita moja, anakuwa ameenda mbele kama mita 15. Maana yake akipandishwa kilomita moja kwa nguvu za jua, anapewa kilomita 15 za kwenda mbele bila kupiga bawa.

Tumbusi wa Rüppell anaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyotumika kwenye maisha ya kila siku. Anazalia kwenye majabali ya milima ya Gol, mashariki mwa Serengeti, lakini nyumbu anaowategemea wanahamahama, wakati mwingine wako zaidi ya kilomita 100 kutoka kiotani. Tumbusi anakwenda na kurudi na chakula cha kinda tumboni. Asubuhi unamkuta amekaa jabalini, kimya, kama mtu asiye na haraka na dunia. Anasubiri hewa ianze kupanda.

Huko Amerika ya Kusini mambo yamepimwa kwa ukaribu zaidi. Kondori wa milima ya Andes, ndege wa kilo zaidi ya kumi, walifungwa vifaa vinavyohesabu kila pigo la bawa. Matokeo yalitoka mwaka 2020: kupiga mabawa kulichukua kama asilimia moja tu ya muda wao wote wa kuruka, na sehemu kubwa ya hiyo asilimia moja ilikuwa ni ile ya kunyanyuka toka chini. Kondori mmoja alikaa hewani zaidi ya saa tano, akaenda kilomita 170 na ushei, hakupiga bawa hata mara moja.

Ukishajua hilo, ramani ya safari za tai inaanza kueleweka. Bahari haipati moto upesi kama ardhi, kwa hiyo juu yake nguzo za kumbeba tai ni dhaifu au hazipo. Tai anaogopa maji mapana. Kuna tai wala nyoka wanaozalia Italia. Ukitazama ramani, njia fupi ya kuja Afrika ni kushuka Sicily na kuvuka hadi Tunisia, bahari ya kilomita kama 140 hivi. Tai wazima hawaipendi njia hiyo. Wanaondoka Italia wakielekea kaskazini magharibi, yaani wanaipa Afrika mgongo, wanapita kusini mwa Ufaransa, wanashuka Hispania yote, wanakuja kuvukia Gibraltar ambako maji ni kilomita 14 tu. Mamia kwa mamia ya kilomita za ziada, ilimradi miguu iwe juu ya nchi kavu.

Ndiyo sababu ndege hawa wanakutana wote kwenye njia panda chache za dunia. Batumi nchini Georgia, kati ya milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi, wanapita zaidi ya milioni moja kila msimu wa kuelekea kusini. Veracruz nchini Meksiko wanazidi milioni nne. Wa kwetu wanapitia Bab-el-Mandeb, kati ya Yemen na Djibouti, ambako bahari inabanwa mpaka kilomita kama 30. Mwaka 1987 walihesabiwa hapo karibu robo milioni ya ndege wa mawindo katika msimu mmoja, na zaidi ya 76,000 kati yao walikuwa tai wa nyika. Kutoka hapo ni Ethiopia, kisha Bonde la Ufa, ambalo kuta zake zinawapa neema nyingine: upepo ukigonga ukuta wa bonde hauna pa kwenda ila juu, na tai anaambaa nao.

Wanafika kwetu wakati wa vuli, na hapo kuna kitu ambacho ningependa ukione kwa macho yako. Mvua ikinyesha, kumbikumbi wakatoka ardhini, tai wa nyika wanatua. Ndege mwenye kucha za kuulia panya na sungura anatembea kwa miguu kwenye matope, anainama, anaokota kumbikumbi mmoja, hatua mbili, mwingine. Wakati mwingine makumi ya tai, wamesambaa uwanjani kama kuku wa nyumbani. Njiani alikula kidogo sana, kwa sababu anayepanda kwa nguvu za jua hatumii mafuta mengi ya mwilini, anaweza kufunga siku nyingi. Lakini akifika, hajivuni.

Sasa utaniambia: mbona kuna ndege wa mawindo wanaovuka bahari? Wapo, na hao ndio wanaonifanya niamini kwamba jambo lenyewe ni uzito na mabawa, si macho. Mchukue kozi wa Amur. Hafiki gramu 200. Mabawa yake ni membamba, yamechongoka, ya kupiga na kuteleza. Anazalia Siberia mashariki na kaskazini mwa China, na msimu wa baridi wa kwao anaumalizia kusini mwa Afrika. Oktoba na Novemba wanakusanyika Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, wanajinenepesha kwa kumbikumbi, kisha wanavuka India na kuingia Bahari ya Hindi. Zaidi ya kilomita 3,000 za maji mpaka Somalia, bila kutua, mchana na usiku. Hana budi: baharini hakuna mti wa kulala. Kaskazi inamsukuma kisogoni, upepo uleule ulioleta majahazi Lamu, Mombasa na Unguja. Kereng'ende nao wanahama kutoka India wakati huohuo kwa upepo huohuo, na wataalamu wanadhani kozi wanawala humo humo hewani. Kutoka Somalia wanashuka kupitia Kenya na Tanzania. Tsavo asubuhi baada ya mvua ya Novemba, hivyo vijikozi vya kijivu vyenye miguu myekundu vinavyozagaa angani ndio wao.

Watu wa Nagaland, kwa kupita tu, nao wana kisa chao. Mwaka 2012 kozi hawa walinaswa kwa nyavu kwa maelfu mengi karibu na bwawa la Doyang, wakauzwa nyama. Picha zikaenea dunia nzima. Mwaka uliofuata vijiji vyenyewe vilipiga marufuku na mauaji yakakoma, na kozi watatu waliofungwa vifaa vya setilaiti wakapewa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti. Walifika Afrika.

Kati ya tai mwenye tanga na kozi mwenye kasia kuna wa katikati. Shakivale na mwewe wanafuata mambo ya tai. Kipanga wa Levant, mdogo kuliko wao, anasafiri makundi kwa makundi mchana akizunguka kwenye nguzo za hewa, lakini rada za Israeli zimewahi kumkuta akiendelea na safari hata usiku. Furukombe wa kwetu hana habari na haya, hana safari. Bundi wanaohama, wao usiku ndio mchana wao.

Kuna faida moja zaidi ya mchana, nayo ni kuonana. Nguzo ya hewa haionekani, ila tai kumi wanaozunguka ndani yake wanaonekana toka mbali sana. Anayefuata nyuma hahitaji kubahatisha, anakwenda palipo na wenzake. Tai kinda, asiyewahi kuiona Afrika, anajifunza njia kwa kuwatazama wazee wakiwa mbele. Ndege mdogo wa usiku hana mwalimu wa namna hiyo. Sehemu kubwa ya ramani yake amezaliwa nayo. Kinda wa tai akikosa wazee wa kufuata anaweza kujikuta ameingia baharini mahali pasipofaa, na huko wengine wanaishia majini.

Lakini msafiri wa mchana ana shida ambayo wa usiku hana: kila jioni anahitaji pa kulala, mahali asipopajua. Kwenye nyika za Kazakhstan hakuna miti. Kilichosimama ni nguzo ya umeme. Tai anatua juu yake, anatandaza mabawa yenye karibu mita mbili, bawa linagusa waya mmoja na lingine waya wa pili, au waya na chuma, na umeme unamuua. Ni moja ya sababu kubwa zilizomfanya tai wa nyika aingizwe kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, mwaka 2015. Sudan, karibu na Port Sudan, ilikuwepo laini fupi ya umeme ya kilomita 31 hivi, iliyojengwa miaka ya 1950, ambayo kwa miongo kadhaa iliua tumbusi wa Misri waliokuwa wakihama. Mwaka 2014 ilizimwa, ikawekwa nyingine yenye nyaya zilizofunikwa. Tiba ndiyo hiyo, waya wenye kifuniko na nguzo iliyoundwa vizuri. Haihitaji uvumbuzi wowote mpya, inahitaji mtu wa kuilipia.

Mitambo ya umeme wa upepo ni habari ngumu zaidi, kwa sababu mahali panapomfaa mhandisi wa upepo mara nyingi ndipo panapomfaa tai: ukingo wa bonde, mteremko, mlango wa milima. Hapa ndipo tabia ya kusafiri mchana inapoweza kumwokoa. Kipeto, kaunti ya Kajiado, kuna mitambo 60, na eneo lile lina tumbusi ambao kwa idadi yao iliyobaki duniani kufa hata wachache ni hasara kubwa. Wamewekwa waangalizi wenye darubini. Mmoja akiona tumbusi au tai anaelekea kwenye mapanga yanayozunguka, anapiga simu, mtambo unasimamishwa mpaka ndege apite. Kwenye Ghuba ya Suez, wanakopitia tai wakirudi kaskazini, mitambo nayo inasimamishwa kwa mtindo huohuo. Inawezekana kwa sababu ndege ni mkubwa, anapita mchana, anaonekana toka mbali. Kwa wale wadogo wa Ngulia, wanaopita saa saba za usiku ndani ya ukungu, darubini haina kazi. Wao wanahitaji rada, na rada ni ghali.